Mwaka Nilipofundishwa Umalkia

Bi Veneranda tulimzika Alhamisi, hapa hapa Mkolani, na katika wasifu uliosomwa kabla ya kwenda makaburini maisha yake ya jukwaani yalipewa mstari mmoja. Kijana wa ukoo aliyeusoma hana kosa. Alizaliwa wakati shangazi yake ameshaacha kuigiza, akamjua kama mwanamke mzee aliyefuga kuku na kugombana na mafundi bomba. "Marehemu pia aliwahi kuwa mwigizaji," akasoma, kisha akaendelea na ugonjwa, hospitali na shukrani kwa wauguzi. Nilikuwa nimekaa chini ya turubai, kwenye viti vya kukodi, kando ya Salma, rafiki yangu wa tangu chuoni, ambaye siku hizi magoti hayamruhusu kukaa mkekani. Akaniinamia sikioni. "Pia?" akasema. "Eti pia?" Nikamfinya mkono anyamaze, lakini nilirudi nyumbani na neno hilo limenikaa kooni kama mwiba wa furu, wale samaki wadogo wa ziwani. Nimefundisha katika shule saba za mkoa huu mpaka nikastaafu. Nimeolewa, nimezaa, nimezika. Ila ukiniuliza ni mwaka gani nilianza kuwa mtu, nitakutajia ule mmoja niliokuwa nikimpelekea maji mama yake Bi Veneranda.

Chuo chetu cha ualimu kilikuwa kidogo, cha kanisa, kwenye mteremko upande wa Butimba: madarasa sita na ukumbi mmoja ambao bati lake lilivuma kila upepo ulipotoka ziwani. Kilishafungwa zamani; mara ya mwisho nilipopita palikuwa ghala la mbao. Bi Veneranda alikuja muhula wa pili, na hakuja kwa ajili yetu. Alikuwa ameishi Dar es Salaam miaka kumi na mitano akiigiza katika kikundi cha maonyesho, na sauti yake tuliijua kabla ya sura, kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikiwaliza watu wazima redioni jioni za Jumapili. Mama yake alipopooza upande mmoja, hakukuwa na mtoto mwingine aliyebaki wa kumtunza, basi akaacha kila kitu akarudi Mwanza. Padri mkuu wa chuo akampa vipindi viwili kwa wiki, vya sanaa za maonyesho, ili apate chochote. Siku ya kwanza tulimwomba atuoneshe. Akavua viatu, akasimama mbele ya ubao, akanyanyua mikono mpaka usawa wa mabega, akaachia sauti iliyoanzia tumboni ikapanda taratibu, sauti ya mama anayeita watoto waliokwisha kufa. Ilijaza darasa, ikatoka dirishani, mpishi akaacha jiko akaja kuchungulia. Sisi tuliokaa nyuma tukaficha nyuso kwenye madaftari tukacheka. "Mbwembwe za enzi zile," Salma akaninong'oneza. Nami nilicheka. Nalisema kwa kuwa ni kweli, na kwa kuwa nadhani aliniona.

Mwaka ule Mwalimu Festo, aliyetufundisha Kiswahili, alikuwa amemaliza kutafsiri tanzia moja ya kale ya Wayunani, kwa mkono, katika madaftari manne ya jalada gumu. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye kalamu mbili mfukoni, nyeusi ya kuandikia na nyekundu ya kutusahihisha hata tunapoongea. Hadithi yenyewe ni ya malkia ambaye mji wake umezingirwa na maadui. Anatoa amri kwamba mgeni yeyote atakayevuka mto auawe papo hapo, asiulizwe hata jina. Walinzi wanatii. Aliyevuka, kumbe, ni mwanawe wa pekee, aliyepelekwa ugenini akiwa mdogo, anarudi kuja kumsaidia mama. Mjumbe anamletea habari katika onyesho la tatu, na hapo malkia ana maneno ambayo mpaka leo nikiyasema mate yananikauka: "Rudisheni mto ulikotoka. Rudisheni mikuki, rudisheni usiku. Rudisheni amri yangu kinywani mwangu." Siku ya kujaribiwa tulisimama wasichana tisa, na Bi Veneranda akanichagua mimi. Sikuelewa kwa nini, na Mwalimu Festo ndiye aliyezidi kutoelewa, maana mimi Msukuma niliyetoka kijijini bila *r* mdomoni. Kwangu mto uliludishwa, mikuki ikaludishwa, na amli pia ikaludishwa.

Kesho yake nilipeleka madaftari ofisini kwa walimu, nikasimama mlangoni kwa sababu nilisikia jina langu. "Huyo Kabula ni mtoto mzuri," Mwalimu Festo alikuwa akisema, "lakini malkia gani anasema 'ludisheni'? Watacheka kuanzia Padri mpaka mpishi. Mpe Salma. Salma ni wa mjini, Kiswahili chake kimenyooka."

"Wewe ulimsikia malkia mwenyewe akisema?" Bi Veneranda akamuuliza.

"Mimi nazungumzia Kiswahili sanifu, dada yangu."

"Nami nazungumzia mwanamke aliyemuua mwanawe kwa mdomo wake mwenyewe."

Nilisikia kijiko kikigonga kikombe cha chai. Kisha Mwalimu Festo akasema, kwa sauti ya chini kidogo, "Haya. Wiki tatu. Akishindwa, anacheza Salma." Nikarudi bwenini na madaftari yangu kifuani, nimesahau hata kuyakabidhi.

Ukumbi ulikuwa umechukuliwa na kwaya, kwa hiyo mazoezi yangu yalikuwa nyumbani kwa Bi Veneranda, saa kumi baada ya vipindi. Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili nyuma ya chuo, imebanwa na mawe makubwa kiasi kwamba dirishani hukuona anga, uliona jiwe, na mijusi yenye vichwa vyekundu ikiota jua. Sebuleni palikuwa na viti viwili vya mbao, sanduku la bati, na pazia la kitenge lililotenganisha sebule na kitanda cha mama yake. Mama huyo tulimwita Bibi. Alikuwa Mkerewe mwembamba, mkono wake wa kushoto ukiwa umelala kama si wake, lakini masikio yake yalikuwa mazima. Kabla ya mazoezi nilikuwa nateremka ziwani na ndoo, kwa sababu bomba lilitoa maji pale lilipojisikia, nikampelekea ya kuogea. Bi Veneranda alikuwa akinitazama nikipanda mteremko na ndoo kichwani. Siku ya tatu akaniambia niingie nayo sebuleni, nisiitue, nianze kusema maneno ya malkia hivyo hivyo. "Umeona?" akasema nilipomaliza bila kumwaga hata tone. "Wewe unadhani malkia anabeba huzuni machoni. Huzuni inabebwa shingoni na kiunoni. Ukiiachia, inamwagika, na iliyomwagika haimfai mtu." Kuhusu ulimi wangu, hakunifundisha *r* hata siku moja. Alinifundisha kungoja. Kila nilipoifikia herufi ile nilitakiwa nisimame, nivute pumzi, niitazame kama mtu anayeruka mfereji, kisha nivuke. Kwa kusimama huko maneno yangu yakawa mazito. Malkia akawa mtu ambaye kila amri inamgharimu. Wiki ya pili Mwalimu Festo alikuja kusikiliza, akakaa ukingoni mwa kiti na kalamu zake zote mbili, na hakutoa hata moja.

Baada ya mazoezi tulikula. Nakumbuka chakula cha nyumba ile kuliko cha arusi yangu: ugali wa muhogo, mweusi kidogo, na furu wa kukaushwa waliopikwa kwa karanga; siku nyingine michembe tu, viazi vitamu vilivyokaushwa, na chai ya rangi. Bi Veneranda alimlisha mama yake kwanza, tonge kwa tonge, akimchambulia miba, na mimi upande huu wa pazia niliwasikia wakizozana kwa Kikerewe na Kiswahili kilichochanganyika. Bibi alilalamika kwamba samaki wa siku hizi hawana ladha, na kwamba mwanawe ananuka Dar es Salaam. "Miaka kumi na mitano unalia kwa watu," nilimsikia akisema siku moja, "walikupa nini?" Bi Veneranda akajibu, "Walikuwa wananyamaza, mama. Watu mia nne wananyamaza kwa pamoja." Bibi akafikiri. "Hata kanisani hawanyamazi hivyo," akasema, na nikasikia kwamba amefurahi.

Onyesho la tatu ndilo lililonishinda. Mjumbe akishasema habari, malkia anapaswa kulia kilio kikubwa, na mimi nililia kwa nguvu zangu zote, kwa kuwa niliamini hiyo ndiyo tanzia. Siku hizi vijana wa kikundi cha hapa mtaani hunijia niwasaidie, nao wanalia vizuri kuliko nilivyolia mimi. Machozi yanawatoka ndani ya dakika moja mbele ya simu. Nawatazama nakumbuka alasiri ile nilipopiga magoti sakafuni nikapasua koo, na pazia likasogea.

"Veneranda! Nani kafa huko?"

"Hakuna, mama. Ni mchezo."

"Mbona anapiga kelele kama kaingiwa na siafu?"

Nilitamani kutoweka. Bi Veneranda akalisogeza pazia, akamwelezea mama yake hadithi nzima, ya mto na amri na mwana. Bibi alisikiliza akiitazama dari. Hadithi ilipokwisha, Bibi aliniita, "Wewe wa maji, njoo." Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda. "Mimi nimezika wanne," akaniambia. "Siku waliyomleta Petro kutoka ziwani nilikuwa napepeta mtama. Wanaume wakasimama uani, hakuna anayesema. Nikawaona viatu vyao, vimelowa. Nikajua. Nikaendelea kupepeta. Nilimaliza ungo mzima, nikamimina, nikachota mwingine. Ndipo mama mkwe akaja akanishika mikono." Akalivuta shuka kwa mkono wake mzima. "Kilio kilikuja siku ya nne, niko kisimani peke yangu. Hakuna aliyekisikia." Niligeuka kumtazama Bi Veneranda. Alikuwa amegeukia dirisha na lile jiwe lake, mkono umeshika pazia. Nilidhani ni uchungu wa kumkumbuka kaka yake. Kulikuwa na jambo zaidi ya hilo, ila nililijua baadaye.

Bibi alifariki wiki ya onyesho, Jumatatu asubuhi, baada ya kunywa uji. Alikuwa ameshasema hatavushwa kupelekwa Ukerewe. "Ziwa limekula wanangu, mimi halinivushi," alisema, na mwanawe akatii akamzika Butimba. Mimi na Salma tulikwenda kusaidia kupika. Wanawake wa jirani, waliokuwa wameketi wakichambua mchele, walikuwa wakizungumza kwa hamu fulani wasiyoweza kuificha. "Leo ndipo tutasikia kilio," mmoja akasema. "Aliyelia kwenye redio, kwa mama yake mzazi itakuwaje?" Bi Veneranda hakulia. Alizunguka uani amejifunga kanga kiunoni, akimwuliza kila mtu, "Mmekula? Ninyi mmekula?" hata waliokuwa na sahani mapajani. Kisha akaanza kutafuta mfuniko wa sufuria kubwa. Alitafuta jikoni, akatafuta chini ya meza, akaingia ndani akainama chini ya kitanda cha mama yake ambacho kilikuwa kimeshakunjwa godoro, akatoka, akauliza watoto. Mfuniko alikuwa nao mkononi. Wote tuliuona. Hatimaye mama mmoja akamwendea, akautoa vidoleni mwake taratibu, akaufunika kwenye sufuria, na Bi Veneranda akaendelea kutafuta. Salma aliyafunika macho yake akatoka nje ya ua. Mimi sikutoka. Mimi, Mungu anisamehe, nilisimama pale nikimtazama alivyoshika mfuniko ule, alivyokunja kiwiko, alivyokuwa akiinamisha kichwa upande mmoja kama anayesikiliza.

Tulionyesha Ijumaa, saa tisa alasiri, kwa kuwa umeme wa ukumbini haukuaminika. Hatukumtarajia Bi Veneranda. Alikuwa bado na waombolezaji nyumbani. Nilikuwa nimevaa shuka la bwenini lililopakwa rangi ya zambarau, na mkononi nilishika kikombe cha bati ambacho malkia huwa nacho tangu mwanzo wa onyesho la tatu. Salma, aliyekuwa mjumbe, akaja, akapiga goti, akasema mwanao ndiye waliyemuua. Pale nilipotakiwa kupiga kilio, sikupiga. Nikamtazama mjumbe, nikamwuliza, "Umekula?" Hayo hayakuwamo kwenye madaftari ya Mwalimu Festo. Salma akabaki mdomo wazi. "Umetembea mbali," nikasema, "ngoja nikupe maji," nikaanza kukitafuta kikombe. Nilikitafuta nyuma ya kiti cha enzi, nikakitafuta chini ya mkeka, nikawauliza walinzi, kikombe kiko mkononi mwangu, kiwiko nimekikunja, kichwa nimekiinamisha. Mwanzoni kuna mtu alicheka. Kisha hakuna aliyecheka. Salma, ambaye machozi yalikuwa yanamtiririka kweli kweli, akasema kwa sauti ndogo, "Malkia, kikombe unacho." Nikakitazama. Ndipo nikasema, nikisimama mbele ya kila herufi: "Rudisheni mto ulikotoka." Nikausikia ukimya aliouzungumzia Bi Veneranda kwa mama yake. Ni kitu chenye uzito, unaweza kuuegemea. Na katika ukimya huo nikamwona mwanamke mwenye kanga nyeusi akiinuka kwenye benchi la nyuma kabisa, akitoka mlangoni bila kutazama nyuma.

Walinipongeza mpaka nikachoka. Padri alinishika mikono yote miwili. Mwalimu Festo alisema kwamba yale ya kikombe hayamo kwenye tafsiri, akafikiri, akasema huenda yangefaa kuwamo. Sikula jioni ile. Kwa siku kumi na mbili nilipeleka maji kwenye nyumba ile ambayo haikuwa tena na mgonjwa wa kuoga, na Bi Veneranda aliyapokea mlangoni, akasema asante, akafunga. Darasani alifundisha akitazama ukuta juu ya vichwa vyetu. Siku ya kumi na tatu niliitua ndoo, nikapiga magoti nayo pale mlangoni.

"Shikamoo, Mwalimu. Nimekuja kuomba msamaha."

"Marahaba. Inuka, utachafua sketi." Hakuniruhusu kuingia, lakini hakufunga. Akaketi kwenye ngazi. "Unajua kilichonitoa ukumbini?"

"Nilikuigiza. Nilikuigiza katika msiba wako."

"Mimi sikujua kwamba nilikuwa nimeshika mfuniko," akasema. "Hakuna aliyeniambia. Waliniheshimu. Nimekuja kujua pale, nimekaa nyuma, watu wanacheka kwanza halafu wanalia. Nikauliza moyoni, huyu amelitoa wapi? Halafu nikauona mkono wangu." Aliunyanyua mkono wake wa kulia akautazama, kidogo kwa mshangao. Mimi nililia, safari hii bila kufundishwa. Akaniacha nilie mpaka nikamaliza. Kisha akaniambia lile ambalo pazia lilikuwa limelificha. Kule Dar es Salaam, miaka mingi kabla, aliigiza mama aliyeletewa maiti ya mwanawe, na alimwigiza akipepeta nafaka. Yeye mwenyewe alikuwa na miaka minane siku ile kaka yake Petro alipoletwa kutoka ziwani. Aliviona vile viatu vilivyolowa na ule ungo. Watu walisafiri kutoka Morogoro kuja kumwona akipepeta. Magazeti yaliandika. "Na mama hakuwahi kujua," akasema. "Kila likizo nilikuja na zawadi, na kila mara nikashindwa kumwambia. Siku ile alipokuhadithia wewe, nilitaka kusema. Nikasema nitamwambia kesho. Kesho zikawa nyingi, halafu ikaja Jumatatu."

"Sasa nifanye nini, Mwalimu?"

"Sijui," akasema. "Kazi hii haina njia nyingine, tunachukua kwa walio karibu. Ila uliyemchukulia akiwa hai, mwambie. Mwambie mwenyewe, mapema, kabla hajakutana nalo mbele za watu. Hata akikukasirikia." Akainuka, akachukua ndoo. "Mimi nimekukasirikia, Kabula. Itaisha. Kesho usilete maji, lete daftari."

Mwezi uliofuata shule moja ya Kisesa ikatualika. Nilikwenda ofisini kwa Mwalimu Festo nikamwambia sitacheza malkia. Nitakuwa mjumbe, Salma awe mlinzi, na malkia aombwe Bi Veneranda. Alifikiri nimechanganyikiwa. Bi Veneranda mwenyewe alikataa mara mbili, na mara ya tatu akauliza tu kama yapo mavazi yanayomtosha. Tulionyesha uwanjani, mbele ya darasa refu, saa nane na nusu mchana, wanafunzi wamekaa chini, wazazi wamesimama nyuma yao, na nyuma ya wazazi ng'ombe wanapitishwa kwenda kunywa. Vumbi lilikuwa jingi. Niliposema habari ya mwana, sikujua atafanya nini. Nilidhani ataonyesha kitu kidogo, kitu cha kweli, kama mfuniko. Badala yake alinyanyua mikono mpaka usawa wa mabega, vile vile kama siku ya kwanza darasani, akaachia ile sauti. Ilitoka tumboni ikapanda. Ilikuwa kubwa, ya mpangilio, kila pumzi mahali pake, sauti tuliyoiita mbwembwe. Lakini nilikuwa nimepiga goti hatua mbili tu kutoka kwake, na nikaona yasiyoonekana kwa mbali: miguu yake ilikuwa inatetemeka kuanzia magotini kushuka chini, na juu ya magoti hakuna kilichotetemeka. Sauti ile ndiyo iliyomsimamisha. Mimi katika ujana wangu nilidhani ukubwa ni uongo na udogo ndio ukweli. Mchana ule nilielewa kwamba kuna mtu ambaye uchungu wake akiugusa kwa kidole utamwangusha, basi anaujengea nyumba kubwa, yenye nguzo, aweze kuingia ndani yake akiwa wima. Wanafunzi walikuwa wameacha kucheza na vumbi. Mchungaji mmoja alisimama na fimbo yake mabegani, ng'ombe wake wanaenda peke yao.

Ilipokwisha, watu wakapiga makofi, mwalimu mkuu akatoa shukrani, na sisi tukaanza kukusanya mashuka. Bi Veneranda alikuwa ameketi kwenye jiwe nyuma ya darasa, bado na vazi la malkia, anakunywa maji. Akaja mama mmoja mzee, mnyoofu, miguu mitupu, amejitanda kaniki. Hakujua Kiswahili, na Bi Veneranda hakujua Kisukuma, basi nikaitwa. Mama yule alimshika Bi Veneranda mkono wa kulia kwa mikono yake miwili, akasema maneno machache.

"Anasema nini?"

"Anasema pole, Mwalimu. Pole kwa mwanao. Anauliza alikuwa na umri gani."

Nilidhani Bi Veneranda atacheka, au ataniomba nimweleweshe kwamba ni mchezo tu wa watu wa kale. Alimtazama mama yule muda mrefu. Midomo yake ilianza kufanya kitu ambacho sikuwahi kuiona ikifanya, si sebuleni, si msibani, si pale uwanjani.

"Mwambie si mwanangu," akasema. "Mwambie ni mama yangu. Mwambie ana mwezi mmoja tangu afe."

Nikatafsiri. Mama yule hakushangaa. Akajikunja polepole akaketi chini, vumbini, ubavuni mwa jiwe, mkono wa Bi Veneranda bado ukiwa kwenye mikono yake, na Bi Veneranda akateremka kutoka kwenye jiwe akaketi naye, akalia. Alilia ovyo, bila sauti nzuri, kamasi zikidondoka kwenye shuka la zambarau, kama mtu yeyote. Kule mbele dereva aliyetuleta alikuwa akipiga honi, maana tulitakiwa tuwe tumerudi chuoni kabla ya giza. Nikamwona Mwalimu Festo akija kwa haraka, saa yake mkononi, kuja kutuhimiza. Alipokata kona ya darasa akasimama. Aliwatazama wale wanawake wawili waliokaa chini, akanitazama mimi, kisha akageuka akarudi alikotoka, nami nikamsikia akimwambia dereva, "Zima gari."